Pini Moja Kichwa Juu, Nyingine Kichwa Chini

Barua nyingi za mwezi huu ni za bangili za pini. Nazungumzia zile pini za nepi zinazojifunga zenyewe: unazivisha shanga, unazisimamisha bega kwa bega, kisha unazipitishia lastiki mbili, moja juu na moja chini. Mimi nilizijulia barazani kwa fundi cherehani hapa Tororo, enzi nikishona vifungo na kupinda suruali, pini zimejaa kwenye kopo miguuni pangu. Kati ya kazi zote za shanga nilizowahi kushika, hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa hiyo mtaona baadhi ya majibu yamekuwa marefu.

SWALI: Mama, hujambo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mbale. Na wenzangu tunatengeneza bangili za rangi za bendera ya Uganda tuziuze kabla ya tarehe 9 Oktoba. Kila pini nimeipanga nyeusi, njano, nyekundu, nyeusi, njano, nyekundu, na sijakosea hata moja. Lakini nikizifunga pamoja bangili inatanuka upande mmoja na kubana upande wa pili, kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Rafiki yangu akasema nigeuze pini moja moja. Nikageuza, ikanyooka, ila mistari yote ikavurugika, na shanga nyingine zikaingia upande wa ndani, kwenye ngozi. Nimefumua na kufunga mara nne. Nakosea wapi?

JIBU: Mwanangu, sijambo. Rafiki yako alikuambia kweli, ila alikupa nusu.

Tuanze na faneli. Chukua pini moja uiangalie kwa makini. Huku ina kichwa, kile kibati kilichokunjwa ambamo ncha hujificha. Kule waya umejiviringisha ukawa kijipete. Kichwa ni kinene kuliko kijipete. Sasa zisimamishe pini 56 vichwa vyote juu: ule unene mdogo unajirudia mara 56, na bangili haina budi kutanuka kwa juu. Ndiyo maana tunapanga moja kichwa juu, inayofuata kichwa chini, hivyo hivyo mpaka mwisho. Lastiki ya juu inapita kwenye kichwa cha pini ya kwanza, kijipete cha ya pili, kichwa cha ya tatu. Ya chini inafanya kinyume chake.

Nusu ambayo rafiki yako hakukupa ni hii: ukiigeuza pini, umezigeuza na shanga zake. Wewe ulizipanga zote kwa utaratibu mmoja. Itazame tena hiyo bangili uliyofumua mara nne. Naamini mistari miwili ya njano imenyooka vizuri kabisa, na nyeusi na nyekundu ndizo zimechanganyikana kama ubao wa drafti. Njano ni ya pili ukihesabu kutoka juu, na ni ya pili ukihesabu kutoka chini, kwa hiyo pini ikipinduliwa njano inarudi palepale. Nyeusi inaanza na nyekundu inamaliza. Hizo zinabadilishana nafasi kila pini.

Tafuta vifuniko viwili vya kopo. Kwenye kifuniko cha kwanza weka pini zitakazosimama kichwa juu. Kumbuka ushanga wa kwanza kuingia kwenye ncha ndio unaoteremka mpaka kwenye kijipete, yaani chini kabisa. Basi hizi utazivisha kuanzia nyekundu: nyekundu, njano, nyeusi, nyekundu, njano, nyeusi. Ushanga unaogusa kichwa utakuwa mweusi. Kwenye kifuniko cha pili weka zitakazosimama kichwa chini, na hizo zianze na nyeusi: nyeusi, njano, nyekundu, nyeusi, njano, nyekundu. Ushanga unaogusa kichwa utakuwa mwekundu. Mimi wakati wa kuunganisha huwa nasema kwa sauti, hata watu wakiwapo: mweusi juu, mwekundu chini, mweusi juu, mwekundu chini. Ukikuta mdomo unasema hivi na mkono umeshika vile, simama hapohapo. Kurekebisha pini mbili ni kazi ya dakika moja, kurekebisha arobaini ni jioni nzima.

Na hizo shanga zilizoingia ndani? Uliizungusha pini badala ya kuipindua. Ilaze mezani, mkono wenye shanga ukiwa kulia kwako. Ukiizungusha kama mshale wa saa mpaka kichwa kiangalie chini, shanga zinahamia kushoto, na kwenye bangili kushoto ndiko kwenye ngozi. Ipindue kama unavyopindua chapati kwenye kikaango, kichwa kije kwako, na shanga zitabaki kulia.

Sasa kama mnataka na ile duara nyeupe yenye korongo, korongo mwenyewe hatoshei, usijisumbue. Lakini kila baada ya pini tisa au kumi, chukua moja na ushanga wa tatu na wa nne uvifanye vyeupe. Katika bendera duara iko katikati, na hapo pia ni katikati, kwa hiyo ukipindua haiharibiki. Nilifanya hivyo mwaka jana, na mzee mmoja aliyekuwapo bendera ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962 aliishika ile bangili muda mrefu bila kusema neno.

Vipimo: pini ya milimita 27 ina nafasi ya shanga ya milimita 16 au 17 hivi, basi chagua shanga ndogo ambazo sita zinaenea humo bila kubanana. Kabla ya kulipa, jaribu kupitisha lastiki kwenye kichwa cha pini dukani hapohapo. Kuna pini ambazo vichwa vyake vimebanwa kiwandani mpaka havina pa kupitia hata unywele, na hizo hazitufai. Lastiki iwe ya milimita 0.7 hivi. Kata vipande viwili vya sentimita 40, uvivute kwa nguvu mara kadhaa kabla ya kuanza, maana lastiki isiyovutwa italegea ikiwa mkononi mwa mteja. Wakati wa kufunga, fundo la juu na la chini yabane sawasawa. Ukikaza moja zaidi, utarudishiwa faneli yako ileile na utadhani ni vichwa.

Nimekuacha hadi hapa ndipo niseme lililo kubwa kuliko mistari. Baada ya kuvisha shanga na kuifunga pini, kila pini, moja baada ya nyingine, chukua koleo ndogo ubane kichwa chake pembeni, mdomo ule wa kibati upungue, ncha isipate njia ya kutoka. Zungushia meno ya koleo plasta ili yasikwaruze. Usibane mpaka ukaziba njia ya lastiki. Ukimaliza, jaribu kuifungua kwa kidole. Ikifunguka, bado.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuacha. Niliagizwa bangili sita za dada zake bibi harusi, za kuvaa siku ya kwanjula, ile sherehe ya bibi harusi kumtambulisha mchumba kwao. Nilizimaliza saa tisa usiku, mkono umechoka, na nikajiambia pini ni mpya, zina nguvu, zitakaa. Mchana wake msichana mmoja alipiga magoti kusalimia wageni, akaegemea mkono, pini ikafunguka. Ilimchoma kifundo cha mkono na kuchana ukosi wa gomesi, lile gauni refu la sherehe, aliporudisha mkono kifuani. Gomesi la hariri, rangi ya maziwa, na tone la damu juu yake. Msichana hakulia. Alibaki amepiga magoti akatabasamu mpaka wageni wakapita. Nililipa gomesi kwa miezi mitatu, lakini lile tabasamu ndilo linaloniamsha nikitaka kuruka pini moja. Hakuna anayeona kama umebana kichwa. Mnunuzi anaona rangi. Ninyi mnauzia watoto wenzenu, basi baneni zote. Na mtoto wa chini ya miaka mitatu msimvishe hata mkibana, maana shanga zikikatika zinaingia mdomoni.

SWALI: Salaam aleikum Mama. Niko Arua. Bangili yangu ya pini ni nzuri sana lakini kila nikiivaa siku nzima mkono unaota vipele vidogo na unawasha. Mume wangu anasema ni jasho tu. Pia pini zimeanza kuwa na madoa ya kutu. Je, niitupe?

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Mumeo amepata robo. Jasho lina mkono humo, lakini nadhani mwenye kosa ni nikeli. Pini nyingi za bei nafuu ni chuma kilichopakwa nikeli ili zing'ae. Jasho linaitoa nikeli kidogo kidogo, na kuna ngozi zisizopatana nayo kabisa. Jichunguze: hereni za bei rahisi zinakuletea majimaji masikioni? Kifungo cha suruali ya jinzi kinakuachia alama chini ya kitovu? Ukijibu ndiyo, basi ngozi yako imeshaikataa nikeli, na kwa kawaida ikishakataa haibadili nia. Hapo usishindane nayo.

Usiitupe bangili. Fumua, okoa shanga, ubadilishe pini. Tafuta za shaba ya njano. Muuzaji atakuambia zote za njano ni shaba, kwa hiyo nenda na sumaku. Mimi yangu niliitoa kwenye spika mbovu ya redio. Shaba haivutwi na sumaku. Pini ya njano ikirukia sumaku, hiyo ni chuma kilichopakwa rangi, irudishe. Shaba inaweza kukuachia weusi au ukijani kidogo kwenye ngozi ukitoka jasho. Huo unatoka kwa sabuni, si ugonjwa.

Wakati unatafuta, paka upande wa ndani wa pini rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, mara mbili, na iache ikauke usiku kucha. Inazuia kutu na inatenga ngozi na chuma, lakini inabanduka, kwa hiyo utarudia kila baada ya wiki chache. Ivue ukifua, ukiosha vyombo, ukikanda unga. Na hivi sasa, kwa kuwa vipele bado vipo, usivae chochote mkono huo mpaka vipone. Vikitoa maji nenda kituo cha afya wakuangalie.

SWALI: Naweza kutumia mshipi wa kuvulia samaki badala ya lastiki? Huku Jinja mshipi ni rahisi kupata.

JIBU: Mshipi ni imara kweli, lakini hauvutiki, na bangili isiyovutika haipiti kwenye kiganja. Utalazimika kuiacha wazi na kuweka kifungio, na kwa bangili ya pini kifungio kinahitaji kushika nyuzi mbili, ya juu na ya chini. Inawezekana. Kwa anayeanza, nunua lastiki.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa kiume, naishi Kireka. Mama yangu anatengeneza shanga za karatasi, na nimekua nikimsaidia kuviringisha. Naona bangili za pini zote zina shanga za kioo au plastiki. Je, za karatasi haziwezi kukaa kwenye pini? Wenzangu wananicheka kwamba hii ni kazi ya wanawake.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi mno kupata barua yako. Kuhusu wenzako, fundi cherehani aliyenifundisha mimi alikuwa mwanamume, na mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu hadi leo.

Shanga za karatasi zinakaa kwenye pini, na zinakaa kwa uzuri wake, ila si zile mnazoziviringisha kwa mikufu. Zile mnakata karatasi kwa umbo la pembetatu ndefu, na ushanga unatoka mnene katikati na mwembamba pembeni. Kwenye pini tumbo lile linasukuma pini ya jirani na bangili haikai. Kata ukanda ulionyooka, upana uleule mwanzo hadi mwisho. Kwa pini ya milimita 27, upana uwe milimita 16 au 17 na urefu sentimita 10, karatasi ya kalenda au ya gazeti la picha. Viringisha juu ya pini yenyewe iliyofunguliwa, au juu ya sindano ya unene huo, gundi nyembamba mwishoni. Utapata kibomba chenye unene usiofika milimita 4, kimoja kinatosha pini nzima. Ukitaka kinenepe, refusha ukanda, usiongeze gundi.

Vanishi ndiyo usiifanyie haraka. Mama yako anajua kuliko mimi: mkono wa kwanza, kausha, wa pili, kausha, na kwa bangili naongeza wa tatu, kwa sababu mkono unanawa mara nyingi kuliko shingo. Zitundike kwenye waya zisigusane. Na miisho ya kibomba, pale karatasi inapoonekana imekatwa, ipakwe pia. Maji huingilia hapo.

Halafu fikiri kuhusu rangi. Karatasi ina kitu ambacho kioo hakina: kila kibomba kina kipande cha picha au herufi. Baada ya uchaguzi kuta zetu hujaa mabango. Nimeona bangili iliyotengenezwa na mabango yaliyobanduliwa, nyekundu zote upande mmoja, njano zote upande mwingine, na ukiigeuza mkononi unaona jicho la mtu, nusu ya jina, kipande cha tarakimu. Kina mama wa Acholi Quarter hapo jirani yenu Banda, waliokimbia vita vya kaskazini na kuishi kwa kugonga mawe kwenye machimbo, ni miongoni mwa walioijulisha dunia shanga za karatasi za Uganda. Wewe umekulia kwenye ujuzi huo. Pini ni sehemu mpya ya kuuweka.

Kichwa juu na kichwa chini ni vilevile kama nilivyomjibu msichana wa Mbale, ila wewe una raha: ushanga ni mmoja kwa kila pini, hakuna utaratibu wa kupinduka. Vichwa bana vyote.

SWALI: Mama, niko Busia. Kuna mwenye duka ananunua bangili zangu za pini kwa shilingi 6,000 moja, anataka 30 kwa mpigo. Kila bangili inakula pini 56 ninazonunua kwa shilingi 50 moja, shanga za 2,000 na lastiki ya 500. Nachukua saa nne kuimaliza. Karo ya mtoto inadaiwa na nataka nikubali leo. Unasemaje?

JIBU: Dada yangu, kaa chini tuhesabu. Pini 2,800, shanga 2,000, lastiki 500, jumla 5,300. Kwenye 6,000 unabaki na 700. Gawanya kwa saa nne: shilingi 175 kwa saa. Bangili 30 zitakula saa 120 na kukuletea 21,000. Hiyo karo haitalipika, na macho yako yatakuwa yameumia.

Hii pini tunayoishika ilibuniwa na Mmarekani aitwaye Walter Hunt. Alisajili ubunifu wake tarehe 10 Aprili 1849. Alikuwa anadaiwa dola 15, akauza haki yote kwa dola 400, na faida ya pini ikaenda kwa wengine. Simlaumu, deni linabana. Lakini namkumbuka kila nikiona mtu ana haraka ya kuuza kwa sababu ya deni.

Kwanza, acha kununua pini moja moja. Nunua kwa grosi, pini 144, kwa muuzaji wa jumla. Ukipata mtu anayekwenda Kampala mtume Kikuubo, kwenye maduka ya jumla. Pili, weka ushanga mdogo wa milimita 2 kwenye lastiki katikati ya kila pini na pini, juu na chini. Bangili inakuwa nyepesi, inapumua, na pini zinashuka kutoka 56 hadi kama 36. Thelathini na sita mara nne ni 144, grosi moja bangili nne bila kubakisha. Na pini 20 usizovisha wala kubana zinakupunguzia zaidi ya saa nzima.

Tatu, mwenye duka. Mpelekee sita za namna hii mpya, usimpelekee 30. Mwambie bei ni 10,000, na mbele yake chukua moja uivute, uibinye, ujaribu kufungua pini kwa ukucha. Kisha mpe na yeye ajaribu. Akisema bei ni kubwa, muulize zile nyingine alizonazo dukani kama zinastahimili hivyo, na umsubiri azijaribu. Akikataa bado, zirudishe kwenye mfuko, mshukuru, uingie duka linalofuata kabla hujapanda boda ya kurudi nyumbani. Karo, nenda kaongee na shule uombe kulipa kwa awamu, na uende leo, kabla ya kwenda dukani.